Kiti cha Katikati

Lydie aliandika fishi zake, zile karatasi za kupangia somo, kwa kalamu mbili: ya buluu kwa maneno atakayosema yeye, ya kijani kwa maneno aliyotumaini wanafunzi watasema. Walimu wenzake wa sekondari walimcheka. Wengi wao walichukua fishi za mwaka jana, wakabadilisha tarehe, kazi ikaisha. Lakini Lydie alikuwa ametoka chuo cha ualimu Lubumbashi juzijuzi tu, na bado aliamini kwamba somo likipangwa kwa upendo, hata mtu mwenye ulimi mzito atazungumza.

Asubuhi alifundisha watoto. Alasiri, jua lilipoanza kupunguza ukali wake juu ya ziwa, alifungua ukumbi wa parokia na kuwafundisha Kiingereza watu wazima wa Kalemie. Alikuwapo Papa Lambert, mstaafu wa reli mwenye mwili mpana kama kabati, aliyetaka kuwaelewa watangazaji wa mpira. Alikuwapo Denise, msusi wa nywele, mwenye mchumba huko Lusaka, ambaye alichoka kuwaomba watu wengine wamwandikie ujumbe wa mapenzi. Walikuwapo wachuuzi wa bandarini, kwa sababu maboti ya Mpulungu, upande wa Zambia, huleta unga na sukari, na wenye mali hawajui Kifaransa.

Na alikuwapo Mama Élisabeth. Aliuza ndagala sokoni, na harufu ya samaki wakavu iliingia ukumbini kabla yake. Siku ya kujiandikisha alimweleza Lydie shida yake waziwazi. Mjukuu wake, Chancelle, alikuwa na ukungu mweupe katika macho yote mawili. Hospitali moja ya Zambia ilikuwa tayari kumpasua, lakini huko hakuna ajuaye Kiswahili wala Kifaransa. Walitaka watu wa mtoto waweze kueleza anaumwa wapi, na waelewe wanavyoagizwa juu ya dawa ya matone. Kabla ya kutoa kitanda, muuguzi wa huko angepiga simu aongee nao mwenyewe. Wakishindwa, mtoto angengoja mpaka apatikane mkalimani, na hakuna aliyejua ni lini.

"Na daktari wa hapa amesema macho hayawezi kungoja," alisema Mama Élisabeth. "Anasema mutoto akikaa sana katika ukungu, kichwa chake kinasahau kuona. Hata wakimupasua baadaye, bure. Mwalimu, unifundishe upesi. Miye si muntu wa shule, lakini kichwa changu kinashika."

Kilishika kweli. Neno alilofundishwa leo, kesho alirudi nalo likiwa limeng'arishwa, kwa sababu alikuwa akilisema sokoni mchana kutwa huku akipima ndagala, mpaka wauzaji wenzake wakamwita Mama Mwingereza.

Mwanafunzi mwingine aliyemkaa Lydie moyoni alikuwa Josias, kijana dereva wa pikipiki ya abiria. Huyu alikaa karibu na mlango, kofia yake ngumu mapajani. Alipoulizwa kwa nini anataka Kiingereza, alitazama sakafu akasema tu, "Niko na safari, Mwalimu."

Kilichomsumbua Lydie ni kwamba watu hawa wawili, wanafunzi wake wenye bidii kuliko wote, walikuwa hawapatani. Aliona kwa macho yake. Josias akifika na kumkuta Mama Élisabeth mlangoni, alirudi hadi kwenye pikipiki yake na kujifanya anakagua gurudumu. Mama Élisabeth akisikia sauti ya Josias, alivuta kitenge chake juu ya kichwa mpaka kwenye nyusi na kugeukia dirisha. Salamu hakuna. Mmoja alikaa mwisho huu wa ukumbi, mwingine mwisho ule. Lydie aliwaza: labda aliwahi kumgonga na pikipiki. Labda alimmwagia ndagala zake kwenye tope. Watu wazima wawili, wanasali kanisa moja, wanachukiana hivyo!

Basi Jumapili moja, baada ya misa, akaketi na kalamu zake mbili akapanga somo la kuwapatanisha.

Lilikuwa somo zuri, alijua. Mazungumzo ya watu wawili wawili, mume na mke asubuhi. Mke anamuuliza mume kwa nini amenuna. Mume anaeleza. Wanasameheana, wanakunywa chai. Kwa kalamu ya buluu aliandika agizo moja na kulipigia mstari chini: watazamane machoni. Na kwenye orodha ya jozi, juu kabisa, akaandika Mama Élisabeth na Josias.

Jumatatu alipoyataja majina hayo mawili, Denise aliziba mdomo kwa kiganja. Papa Lambert alikohoa.

"Mwalimu, labda Mama Élisabeth afanye na miye. Huyu kijana bado mutoto, hajui kununa vizuri."

"Apana, Papa Lambert, wewe uko na muntu wako. Mama, Papa Josias, mukuje hapa mbele. Hakuna vita katika darasa hili."

Walikuja kwa sababu mwalimu ameita, na kwa watu wale, mwalimu akiita mtu anakwenda. Lakini walisimama kama miti miwili ya uzio, kila mmoja akitazama upande wake. Kitenge cha Mama Élisabeth kilikuwa kimeshuka hadi kidevuni. Josias alikuwa ameikumbatia kofia yake kifuani, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Leo Mama njo bibi, Papa njo bwana," alisema Lydie kwa furaha yote aliyoipanga. "Mama anaanza. Anamuuliza, mupenzi wangu, una nini leo? Mutazamane tu, itatoka yenyewe."

Haikutoka. Lydie akafanya kitu ambacho baadaye kila alipokikumbuka masikio yalimchoma. Alimshika Mama Élisabeth mabegani, taratibu, kwa upendo, akamgeuza amwelekee Josias.

Mama Élisabeth alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua na mvuke wa sufuria. Akachukua kikapu chake akatoka mlangoni bila kuaga. Josias naye alitaka kutoka, lakini njia ilikuwa ile ile na Mama Élisabeth alikuwa bado kizingitini anatafuta ndara zake. Kijana akageuka, akatazama huku na huku, akapanda benchi na kuruka dirishani. Walisikia kofia yake ikigonga ukuta kwa nje.

Mtu mmoja nyuma alipasuka kwa kicheko, akakanyagwa mguu na jirani yake.

"Wanachukiana kiasi hicho?" Lydie aliuliza. "Hata mlango mmoja hawawezi kupita?"

"Mwalimu," alisema Papa Lambert, na safari hii hakuwa anatania, "hiyo si mambo ya kusemea hapa mbele ya watu. Uende nyumbani kwa Mama Élisabeth, uulize binti yake, Reine. Atakuambia."

Lydie aliona aibu, hakwenda. Alingoja somo la Jumatano, akijiambia watarudi. Hawakurudi. Ijumaa pia kiti cha dirishani na kiti cha mlangoni vilikuwa vitupu. Simu ya muuguzi ilikuwa ya Jumamosi ya juma lililofuata. Lydie aliwafundisha wengine majina ya matunda huku moyo wake uko kwingine, na darasa lilipokwisha alifunga ukumbi akaenda.

Nyumba ya Mama Élisabeth ilikuwa juu ya kilima, uwanja umefagiliwa, ndagala zimeanikwa kwenye wavu. Ndani, kwenye mkeka, alimkuta Reine akimnyonyesha mtoto mchanga. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mchana akishinda kwa mama yake na usiku akirudi kwake, na aliinuka kumpokea mgeni polepole, mkono tumboni.

"Wewe njo Mwalimu Lydie?" alisema, na kabla Lydie hajajibu alianza kucheka. "Njo wewe! Ukaweka mama yangu na bwana yangu wakuwe bibi na bwana! Ukawaambia waitane mupenzi!"

Lydie alikaa chini bila kukaribishwa. "Josias ni bwana yako?"

"Bwana yangu. Baba ya Chancelle. Aliruka dirisha, nasikia!" Reine alishika mshono wake. "Usinichekeshe, Mwalimu, nitapasuka tena." Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha Lydie akaona kwamba machozi yanaendelea na kicheko kimekwisha.

"Hamukuwa na mambo haya kwenu Lubumbashi?"

"Tunaheshimu wakwe. Lakini hivi, apana. Nilifikiri wana ugomvi."

"Ugomvi gani? Ni heshima. Kwetu mama mukwe na mukwe hawatazamani. Hawasalimiani kwa mukono, hawakai mukeka mumoja. Mama akimusikia anajifunika. Hata jina lake hajawahi kulitia mudomoni, anamuitaka Mwenye Pikipiki. Mpaka siku mujomba atamuingiza mukwe nyumbani kwa heshima. Chakula kinapikwa, mama anamukaribisha mukwe wake mbele ya watu, wanakula, basi, inaisha. Lakini mujomba wetu iko Pepa, kule milimani, na ng'ombe zake, na anasema hashuki mpaka kiangazi."

"Na Zambia wanaenda wote wawili?"

"Njo shida yenyewe. Wodi ya watoto, wanawake tu njo wanalala na mutoto. Sasa ni mama. Na karatasi ya kupasua, muzazi njo anaitia sahihi. Miye daktari amenikataza boti. Sasa ni Josias." Reine alimbadilisha mtoto titi. "Hapa nyumbani miye njo simu yao. Huko nani atakuwa katikati? Nawaza hiyo kila siku, Mwalimu. Na sasa hata darasa wameacha. Mama anasema hawezi kurudi mahali alipoaibika. Josias anasema akirudi, mama hatarudi, heri aache yeye. Na mama anasema heri aache yeye. Na simu inakuja."

Mara Lydie akasikia pikipiki ikipanda kilima. Pikipiki nyingi hupita pale, lakini kutoka chumba cha ndani alitoka mbio msichana mdogo mwenye suka mbili, mikono mbele, akagusa ukuta, akagusa mlango, akatoka nje. "Papa!" alipiga kelele, na pikipiki bado haijaonekana.

"Anaijua kwa mulio," alisema Reine. "Zote zinapita, ya baba yake tu njo inamutoa."

Kutoka mlangoni Lydie aliona kila kitu. Josias alizima injini mbali kidogo na jiko, akageuza mgongo, akampakata Chancelle. Mama Élisabeth alikuwa ametoka nyuma ya nyumba. Alishusha kitenge chake, akachutama jikoni, akaanza kusema na sufuria.

"Sufuria yangu, leo tunakula mapema. Kama kuna muntu anarudi tena barabarani, asiende na njaa. Na mutoto asikae kwenye upepo, jana alikohoa."

Josias alipangusa taa ya pikipiki yake kwa mkono wa shati. "Pikipiki yangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "siye hatuendi mbali, tunaenda bandarini tu na kurudi. Chakula tutakikuta. Na mutoto nimemuletea sweta."

"Sufuria, asante," alisema Mama Élisabeth.

Lydie alishika mwimo wa mlango. Watu hawa walikuwa wakizungumza. Walikuwa wakizungumza vizuri kuliko jozi yoyote aliyowahi kuipanga ubaoni. Kumbe kosa lake halikuwa kuwaunganisha. Kosa lake lilikuwa kupanga somo la watu wawili, mahali ambapo watu hawa wamezoea kuwa watatu.

Alipokwenda kuomba radhi alipiga goti pale pale karibu na jiko. Josias alikuwa ameshaondoka.

"Nisamehe, Mama. Sikujua."

Mama Élisabeth alichekea puani. "Mutoto wa Lubumbashi. Nasikia huko kwenu wakwe wanacheza dansi pamoja."

"Kwenye harusi tu, Mama."

"Mm! Simama, utachafua nguo. Sina hasira na wewe. Lakini nitarudi aje katika nyumba yenye mukwe wangu aliruka dirishani sababu yangu?"

"Kuja Jumatatu, Mama. Nitapanga somo lingine. Hakuna atakayemutazama muntu."

Mama Élisabeth aliendelea kuikoroga sufuria. Lakini hakusema hapana.

Lydie alipanga somo hilo Jumamosi nzima. Alichana fishi mbili. Kwa kawaida alichora vichwa viwili vinavyotazamana, na mishale inayokwenda na kurudi. Safari hii alichora viti vitatu kwenye mstari mmoja, vyote vimeelekea ubao, na kwenye kiti cha katikati akaandika: daktari. Wa kulia anamwambia daktari. Wa kushoto anamwambia daktari. Daktari anauliza huku, anauliza kule. Hakuna anayemjibu jirani yake. Akafanya jambo jingine pia, ambalo chuoni hawakumfundisha: akapanga darasa zima likae hivyo, watatu watatu, ili mtu akipita na kuchungulia asione kwamba viti vimepangwa kwa sababu ya watu fulani.

Jumatatu Josias alikuja mapema na kusimama nje. Mama Élisabeth alichelewa, Lydie akaanza kukata tamaa, kisha harufu ya ndagala ikaingia. Aliingia kwa mlango. Baadaye kidogo Josias akaingia kwa mlango huo huo, na Papa Lambert akampigia saluti.

"Leo mlango umekutosha, kijana?"

"Papa Lambert, wewe njo daktari," Lydie alimkatiza. "Ukae katikati, hapa."

Papa Lambert alielewa mara moja. Alikaa, akavaa miwani yake ya kusomea, akapanua magoti na mabega, na upana wake ukamfunika kila mmoja asimwone mwenzake. "Mungu aliniumba hivi sababu ya leo," alisema. "Watu wote walikuwa wanauliza, huyu Lambert, mwili wote huu wa kazi gani. Haya, wagonjwa wangu, museme."

Mwanzoni walisema yaliyo ubaoni. Mtoto analia. Mtoto anakula. Jicho linauma. Matone mangapi? Asubuhi na jioni. Papa Lambert aliuliza kwa Kiingereza kilichojaa mpira, mtoto amecheza kipindi cha kwanza vizuri, kipindi cha pili vipi, na hata Mama Élisabeth alicheka chini ya kitenge chake.

Jumatano Lydie alifuta ubao na kuwaambia waseme mambo yao wenyewe. Daktari akamgeukia Josias akamuuliza Chancelle hulala vipi.

Josias alitafuta maneno. Kwa Kiswahili angejibu, "Analala tu," basi. Lakini kwa Kiingereza alikuwa na maneno machache, na yale machache yalikuwa ya wazi, hayana pa kujifichia.

"Analia," alisema. "Mama yake mgonjwa, tumbo limekatwa. Mimi ninambeba. Ninatembea naye nyumbani, ninatembea, ninatembea. Ninamwimbia. Analala, mimi silali. Asubuhi naenda kazini."

Upande wa pili wa Papa Lambert, Lydie alimwona Mama Élisabeth ameacha kuchezea ukingo wa kitenge chake. Tangu mwanzo mama huyu hakutaka mkwe wa pikipiki, Reine alikuwa amemdokezea Lydie hilo mlangoni wakati wa kuagana. Mama alikuwa akisema vijana wa pikipiki hawajui hata mtoto anakula nini. Kwa miaka yote ya ndoa ile, sufuria na pikipiki zilikuwa zimepelekeana habari za chakula, za upepo, za sweta. Hazikuwahi kupelekeana hili.

"Na wewe, bibi?" daktari aliuliza. "Una neno?"

"Ninasikia," alisema Mama Élisabeth kwa Kiingereza. Kisha akarudia, kama anavyorudia maneno sokoni. "Ninasikia."

Ijumaa walifanya mazoezi tena, na tena. Jumamosi walikutana watatu tu ukumbini: Lydie, Mama Élisabeth na Josias. Papa Lambert hakuitwa, maana hospitali ingeweza kuuliza yeye ni nani. Lydie aliweka kiti cha katikati mahali pake, akaweka simu yake juu ya kiti hicho, akafungua kipaza sauti. Kila mtu alikaa upande wake, akiitazama simu. Yeye mwenyewe alikwenda kusimama kwenye ubao, kwa sababu alikuwa ameahidi kutosaidia hata neno moja.

Simu iliita. Sauti ya mwanamke, ya haraka kidogo, iliwasalimu. Akauliza juu ya Chancelle. Josias alijibu. Akauliza juu ya matone. Mama Élisabeth alijibu, akahesabu kwa vidole huku akisema, akapatia. Akauliza nani atalala wodini. Lydie alikuwa ameishika chaki mpaka imevunjika kiganjani, lakini mambo yalikwenda, yalikwenda kama somo lililopangwa.

Kisha muuguzi akasema ana swali moja la mwisho, kwa bibi peke yake. Ni lazima wahakikishe watu wanaomleta mtoto ni watu wake kweli, kwa sababu watoto wengine huvushwa mipaka na wasio wao. "Bibi, huyo mwanamume aliye hapo na wewe, jina lake nani?"

Katika fishi zote za Lydie, buluu na kijani, hakuweka swali hilo. Na Reine alikuwa amemwambia! Alimwambia waziwazi, na yeye alikuwa na haraka ya kuwaza viti.

Mama Élisabeth alivuta kitenge chake mpaka kwenye nyusi. Josias alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuweza kulitaja badala ya mama mkwe wake, kwa maana swali lilikuwa la bibi peke yake.

"Bibi? Unamfahamu mtu huyo?" Sauti ya simu ilikuwa imebadilika, imekuwa ya tahadhari. "Jina lake nani?"

Lydie alipiga hatua moja kutoka ubaoni. Mama Élisabeth alimwona, akainua mkono kumzuia. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaileta karibu na mdomo, akaanza kujenga, neno moja baada ya jingine, kwa maneno aliyokuwa nayo.

"Jina ninalijua. Sisemi. Kwetu, mama wa mke hasemi jina la mume wa binti. Ni heshima. Uso wake, sitazami. Ni heshima." Alivuta pumzi. "Lakini ninamjua. Yeye ni baba wa Chancelle. Mtoto haoni, lakini anasikia pikipiki yake mbali, anakimbia. Pikipiki nyingi, anakimbilia moja. Anambeba. Anatembea, anatembea. Yeye halali. Mimi sikujua. Sasa ninajua. Ni baba mzuri. Uandike hivyo."

Simu ilikwaruza, na Lydie alidhani imekatika. Kisha walisikia kicheko kidogo, na muuguzi aliposema tena haraka yake yote ilikuwa imekwisha.

"Mama yangu amekaa na mkwe wake nyumba jirani miaka mingi," alisema. "Na yeye hajawahi kulitaja jina la mume wangu. Anamwita Yule wa Benki. Sawa, bibi. Nimeandika. Baba, jina nipe wewe mwenyewe."

Josias alilitaja, na sauti yake ilivunjika katikati ya jina, akalazimika kulianza upya. Muuguzi akawaambia kitanda kipo, wapande boti la kwanza wanaloweza, wamletee mtoto nguo za baridi. Akaaga.

Lydie alikuwa analia bila kujificha, chaki imemjaa usoni. Alitaka kuwakumbatia wote wawili pamoja, akakumbuka, akabaki kwenye ubao wake.

Mama Élisabeth aliirudisha simu kwenye kiti cha katikati, taratibu, kana kwamba imelala. Akaitengeneza iwe sawa. Kioo kilikuwa kimeshazimika.

"Simu," akaiambia kwa Kiswahili, "kama kuna muntu anapita kwa Reine sasa hivi, amuambie kitanda tumepata. Na yeye mwenyewe leo usiku alale. Mutoto nitamubeba miye."

Josias alivaa kofia yake, akaivua tena, hakujua la kufanya nayo. Hatimaye akamgeukia Lydie, lakini macho yake yalipita juu ya bega lake, mpaka kwenye ubao.

"Ubao," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha upande wa pili, "asante sana, mama."